Wagonjwa waliopona kwenye jedwali

Saa tisa usiku zamu ilitulia kidogo, nikatoa kompyuta ndogo niliyokuwa nimeificha kabatini chini ya koti na kuendelea na kazi ya shule. Kwenye jedwali nilikuwa na wagonjwa 212, kila mmoja na namba yake, hakuna jina hata moja. Nikaiamuru programu inipe wastani wa hemoglobini, kile kipimo kinachoonyesha kama mtu ana damu ya kutosha. Ikajibu papo hapo: 15.

Nikafurahi kidogo, ile furaha ya mtu aliyeona mashine imemtii. Kisha nikainua macho. Kitanda cha tatu alilala mama ambaye jioni ile nilimfunua kope nikakuta kweupe kama karatasi. Kitanda cha saba, vilevile. Wiki nzima nilikuwa nikijaza fomu za kuomba damu. Hemoglobini ya 15 ni ya mtu mzima mwenye afya zake, anayepanda ngazi bila kuhema. Wagonjwa wangu wangeitoa wapi?

Kosa nililipata baada ya karibu saa nzima. Miezi miwili nyuma, wakati wa kuingiza data, kila nilipokuta jibu la maabara halipo niliandika 99. Ndivyo tulivyofundishwa: usiache kisanduku kitupu, weka namba isiyowezekana ili baadaye ujue hapa hapakuwa na kitu. Nilichosahau ni kuiambia programu kwamba 99 si hemoglobini. Programu haina macho, iliona namba ikajumlisha. Watu 11 wenye 99 walitosha kuwabeba wenzao 201, ambao wastani wao wa kweli ulikuwa 10.4, mpaka wodi nzima ikaonekana imepona.

Nimeanza na aibu hii kwa makusudi. Wenzangu wengi huniuliza kama inafaa kusomea utafiti huku unafanya kazi, au ni heri uombe likizo, uende ukakae darasani kutwa, umalize urudi. Sina jibu la kumfaa kila mtu. Ninachojua ni kwamba kama usiku ule ningekuwa chumbani kwangu nimezungukwa na vitabu, ile 15 ningeinakili kwenye rasimu na kuendelea na ukurasa unaofuata. Ilikuwa namba nzuri, isiyo na dosari yoyote ya kuonekana. Aliyenisuta ni mama wa kitanda cha tatu, naye alikuwa amelala.

Kozi yenyewe ni shahada ya uzamili ya utafiti wa kitabibu na ule uitwao kwa Kiingereza translational research. Wanaosoma kutwa huimaliza kwa mwaka mmoja au miwili. Sisi tuliokuwa kazini tulipewa mitatu, somo moja baada ya jingine: epidemiolojia, takwimu, usanifu wa utafiti, maadili, utunzaji wa data, uandishi. Kila chuo kinachofundisha jambo hili kina orodha inayofanana na hiyo, kwa hiyo sitaisemea zaidi. Sehemu ya pili ya jina la shahada ndiyo inayohitaji maneno. Ni ule utafiti wa kuyatoa matokeo maabara na kuyafikisha kwa mgonjwa. Nimesikia watu wakiuita utafiti tafsiri, na kila mara huwafikiria wakalimani. Mimi nauita utafiti wa kuvusha. Ng'ambo moja kuna maabara, ng'ambo ya pili kuna kitanda cha mgonjwa, na katikati kuna maji mengi kuliko unavyodhani ukiwa umesimama upande mmoja.

Kisa kilichonifanya nielewe ukubwa wa maji hayo kilianza na kondoo. Graham Liggins, daktari wa uzazi kule Auckland, New Zealand, alikuwa akichunguza ni kitu gani kinachoanzisha uchungu wa kuzaa. Katika majaribio yake akaona jambo ambalo hakulitafuta: wanakondoo waliopewa steroidi, dawa ya jamii ya homoni, wakiwa tumboni, hata wakizaliwa kabla ya siku zao, waliishi muda mrefu kuliko walivyotarajiwa. Mapafu yao yalipokea hewa. Akashirikiana na daktari wa watoto, Ross Howie, wakaijaribu dawa hiyo kwa kina mama 282 waliokuwa hatarini kujifungua mapema, na mwaka 1972 wakachapisha matokeo yao. Watoto wa waliopewa dawa walipata shida ya kupumua mara chache zaidi, na waliofariki walikuwa wachache zaidi.

Ungedhani baada ya hapo dawa ingeenea kama moto wa nyika. Ilikuwa rahisi, inajulikana, sindano tu. Lakini ni mwaka 1994 ndipo jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipopendekeza itumike kwa upana. Miaka 22. Katikati hapo tafiti nyingine zilifanyika moja baada ya nyingine, nyingi zikielekea upande uleule, na bado watoto wengi walizaliwa na mama zao hawakuwa wamepewa chochote. Mwalimu alipotusimulia hili, mwenzangu mmoja anayefanya kazi kwenye wodi ya watoto njiti alitoka nje. Alirudi baada ya dakika kumi, akakaa, akafungua daftari lake. Hatukumuuliza.

Kisa hakikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo ninayoipenda, kwa kuwa inawaumbua wale wanaodhani kuvusha ni kupiga kasia kwa haraka tu. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, uliojaribu kuisogeza dawa hiyohiyo hadi ngazi ya chini kabisa, kwa wahudumu wa vijijini. Vifo vya watoto wadogo sana havikupungua. Ukichukua watoto wote kwa pamoja, vifo viliongezeka. Wengi wa waliopewa dawa hawakujifungua mapema hata kidogo, walidhaniwa tu. Kisha mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likatoa matokeo ya utafiti mwingine, safari hii katika hospitali zenye uwezo wa kumtunza mtoto njiti, na umri wa mimba ukiwa umepimwa kwa picha ya mawimbi ya sauti. Wanawake walikuwa 2,852 katika nchi tano. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopewa dawa na asilimia 23.5 kwa wasiopewa. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni gati la kushukia: nani anapima, nani anampokea mtoto, kuna nini mkononi mwake. Hayo huwezi kuyaona kwenye kondoo.

Nami nilikuja darasani na mtumbwi wangu. Nilitaka kuonyesha kwamba tukiwahi kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa wodi yetu, vifo vitapungua kutoka kumi kwa kila mia hadi saba. Niliona hilo ni lengo la unyenyekevu, wala sikuahidi miujiza. Mwalimu wa takwimu akaniambia niende ubaoni nipige hesabu ya idadi ya watu wanaohitajika, kwa masharti ya kawaida: niwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti iwapo kweli ipo, na hatari ya asilimia 5 ya kudanganywa na bahati iwapo haipo. Nikahesabu. Watu 1,351 kila upande, jumla 2,702.

“Wodi yako inapokea wangapi wa aina hiyo kwa wiki?”

“Wanne hivi.”

“Gawa.”

Wiki 675. Karibu miaka 13, hapo ni kama kila mgonjwa atakubali na hakuna atakayepotea. Darasa likacheka nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani sikucheka. Nilijaribu kuikwepa ile hesabu, nikaweka vifo vipungue kutoka 20 hadi 10 kwa kila mia, na kweli nikapata watu 196 tu kila upande. Ila dawa inayokata vifo nusu kwa nusu ni adimu, na mimi sikuwa nayo. Kuongeza ukubwa wa tofauti ili idadi ya watu ipungue ni kama kurefusha rula ili ukuta uwe mfupi.

Hesabu hiyo ilinipa jambo jingine lililonikaa kooni. Watatu kwa kila mia! Mimi nimefanya kazi wodini miaka tisa, na huwa nasema “kwa uzoefu wangu” kama mtu anayeweka mhuri. Lakini jicho gani la wodini linaweza kuona tofauti ya watatu kwa kila mia, wakati wagonjwa wanaingia wanne kwa wiki, na katikati kuna likizo, uhamisho na usingizi?

Kuna utafiti unaoitwa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland, na matokeo yake yakatoka mwaka 2011. Ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 waliofika hospitalini na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Desturi iliyofundishwa vitabuni ilikuwa kuwamiminia maji ya mshipa haraka. Watafiti wakawagawa watoto kwa bahati nasibu: wengine walipewa maji ya chumvi kwa haraka, wengine albumini, yaani maji yenye protini ya damu, kwa haraka, na wengine hawakumiminiwa kwa kasi, walipewa tu maji ya kawaida ya kuwakidhi. Baada ya saa 48, vifo vilikuwa asilimia 10.5 na 10.6 kwa makundi mawili ya kwanza, na asilimia 7.3 kwa lile la tatu. Utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake.

Kumi kwa mia upande mmoja, saba kwa mia upande mwingine: namba zangu zilezile za ubaoni, ila zimegeuzwa kichwa chini: tiba ndiyo iliyokuwa upande wa kumi. Na kinachotisha zaidi ni uchambuzi uliofuata. Saa moja baada ya kumiminiwa maji, dalili za mshtuko, yaani za damu kutozunguka vizuri, zilikuwa zimepungua zaidi kwa watoto waliomiminiwa. Kwa hiyo daktari aliyesimama pale kitandani aliona mtoto anapata nafuu, na alikuwa anaona sawasawa. Madhara yalikuja baadaye, pengine zamu ya mtu mwingine. Nilisoma makala hiyo mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nasoma huku nawahesabu watoto niliowahi kuwafungulia mrija wa maji mpaka mwisho, zamani nilipokuwa wodi ya watoto. Nikaacha kuhesabu.

Basi nikaikunja ndoto yangu. Nikabaki na swali dogo, ambalo mwanzoni nililionea haya: jibu la hemoglobini likishatoka maabara, linachukua saa ngapi hadi mtu wodini afanye jambo kuhusu jibu hilo? Msimamizi wangu alifurahi kuliko nilivyotegemea. Akasema huko nako ni kuvusha, tena ni kipande cha mwisho cha safari, mita hamsini za korido.

Msimamizi huyo, nimtendee haki, ni mtu mwema. Lakini kwa miezi minne hakujibu barua pepe yangu hata moja. Nilikuwa namtumia sura nzima, kurasa thelathini, na chini naandika “naomba maoni yako”. Kimya. Nilikuja kuelewa sababu ya kimya hicho siku niliyomtumia ukurasa mmoja wenye swali moja tu, jibu likaja kabla sijafunga kompyuta. Kurasa thelathini zinasubiri siku ya nafasi, na siku ya nafasi haipo kwenye kalenda ya yeyote kati yetu.

Kamati ya maadili nayo ilinirudisha mara tatu. Mara moja ilikuwa kwa sababu fomu ya ridhaa haikuwa na namba ya toleo. Nilinung'unika sana, na kwa hilo la namba bado nanung'unika. Lakini swali lao la pili lilikuwa zito: “Wewe ndiye unayewatibu. Ni nani atakayewaomba ridhaa?” Nilidhani wananitafutia sababu. Nilikuja kulielewa mwaka wa pili, nilipokwenda kufanya mazoezi kwenye utafiti wa watu wengine uliokuwa ukilinganisha dawa mbili.

Kazi yangu pale ilikuwa kukaa na mgonjwa na kumweleza: kuna dawa mbili, zote zinatumika, hatujui ipi bora, kompyuta ndiyo itakayopanga utapata ipi, una haki ya kukataa na hakuna kitakachopungua katika matibabu yako. Niliyasema hayo vizuri. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akaichukua kalamu, kisha akaiweka chini.

“Mwanangu, wewe ungenipa ipi?”

Nikamwambia sijui.

“Sikuulizi kompyuta. Nakuuliza wewe.”

“Kweli sijui, mzee. Ndiyo maana tunafanya utafiti.”

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwona kijana amevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Kisha akatia sahihi. Nilipomuuliza ameelewa nini, akasema: “Nimeelewa kwamba mtanichagulia ile inayonifaa.” Yote niliyoyasema yalikuwa yamepita juu ya kichwa chake kama ndege, na yeye alikuwa ametia sahihi kwa sababu ya koti jeupe. Paul Appelbaum, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, na wenzake walilipa jambo hili jina mwaka 1982, kwa Kiingereza therapeutic misconception. Walisema mgonjwa hudhani kila hatua ya utafiti imepangwa kwa ajili ya kumtibu yeye, wakati utafiti umepangwa kwa ajili ya kupata jibu. Nilikuwa nimelisoma. Nilipata alama nzuri kwenye mtihani wa somo hilo. Ila mpaka nilipomwona mzee yule akiiweka kalamu chini, nilikuwa nadhani kosa hilo ni la mgonjwa asiyejua kusoma.

Tulimweleza upya siku iliyofuata, na safari hiyo alizungumza naye muuguzi asiyemhudumia, mimi nikiwa sipo. Akakataa kushiriki. Nilifurahi, na kiongozi wa utafiti hakufurahi, maana tulikuwa tumeshachelewa kutimiza idadi. Hapo ndipo nilipojifunza pia ile kanuni ya utani inayobeba jina la Louis Lasagna, daktari wa Marekani na mtaalamu mashuhuri wa famakolojia, yaani elimu ya utendaji wa dawa: siku utafiti unapoanza, wagonjwa wa aina unayoitafuta hupungua ghafla, na siku unapofungwa hurudi wote. Kila mtu niliyemsimulia kanuni hiyo wodini aliapa kwamba ni kweli. Hakuna aliyeipima.

Nizungumzie muda, kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila anayeniandikia. Ruhusa nilipewa kwa maandishi na kwa tabasamu. Wiki ya mtihani wa kwanza ratiba ikatoka, nikajikuta nina usiku tano mfululizo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, aliyepanga ratiba hakujua tu kwamba barua ile ipo, kwani ilikuwa kwenye faili la ofisi nyingine. Tangu hapo tarehe zote za mitihani nazipeleka mwenyewe kwa anayepanga zamu, kabla hajashika kalamu. Nimebadilishana zamu na watu wengi kiasi kwamba kuna mwenzangu mmoja bado namdai na mwingine ananidai, na sote tumesahau ni siku zipi.

Lakini muda si ugumu wenyewe. Kinachochosha ni kubadilisha kichwa. Wodini watu wanataka uamue: mgonjwa anachomwa sindano au hachomwi, anaenda nyumbani au anabaki wodini. Daktari anayesita mbele ya ndugu wa mgonjwa anawatia hofu. Ukivua koti na kuingia darasani saa kumi na moja jioni, unatakiwa usite kuhusu kila kitu, uulize umejuaje, umelinganisha na nini, ni nini kingine kinachoweza kuleta matokeo hayohayo. Miezi ya mwanzo nilivichanganya. Darasani nilikuwa nikikata maneno kama niko kwenye raundi, na wodini siku moja nilisimama mbele ya mgonjwa nikitafakari ubora wa ushahidi mpaka muuguzi akanigusa kiwiko: “Daktari, dripu imeisha.” Ile programu yenyewe, R, nilijifunza kwa kuiba robo saa robo saa. Ni ya bure, na iliundwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman hukohuko Auckland kwa kina Liggins. Sijui mji ule unawapa nini watu wake.

Vitu vingine vilikuja vyenyewe kwa sababu nilikuwa kazini. Tulipofundishwa vivuruga, yaani yale mambo ya pembeni yanayokufanya udhani A imeleta B, sikuhitaji mfano wa kitabuni. Nilijua kwamba wagonjwa wanaolazwa Ijumaa jioni si sawa na wa Jumanne asubuhi, na kwamba mwandiko kwenye faili hubadilika kuelekea mwisho wa zamu, na kwamba saa iliyoandikwa kwenye fomu ya sampuli mara nyingi ni saa ambayo mtu alipata kalamu. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akisoma kutwa, kichwa chake kizuri kuliko changu, alichambua nyakati za fomu kama hizo akakuta damu nyingi hutolewa saa kumi na mbili kamili asubuhi. Alikuwa ameanza kutafuta sababu ya kibaiolojia.

Matokeo yangu yalikuwa madogo na yakanipendeza. Nusu ya majibu ya hemoglobini yalisubiri zaidi ya saa 9 tangu kusainiwa maabara hadi hatua ya kwanza kuandikwa kwenye faili. Yaliyotoka ndani ya saa moja kabla ya kubadilishana zamu yalisubiri zaidi: nusu yake yalizidi saa 17. Wanaoondoka walidhani wanaoingia watayaona, na wanaoingia walidhani yameshaonekana. Nilichora picha moja, mistari miwili, nikaipeleka kwenye kikao cha asubuhi cha wodi kabla hata sijaiwasilisha chuoni. Nilivaa shati jipya.

Muuguzi mkuu wa wodi alikaa mstari wa mbele, miwani imeshuka puani. Nilipomaliza akasema, “Hilo la zamu tulikuwa tunalijua.”

Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba sasa tunajua na ukubwa wake, naye akakubali kwa kichwa, akaahidi kuongeza mstari wa majibu ya maabara kwenye kitabu cha makabidhiano. Nilikuwa nimeanza kukunja waya wa kompyuta.

“Daktari, samahani. Hapa chini umeandika wagonjwa 201. Mwanzo ulisema umewafuatilia 212.”

“Ndiyo, Dada. Wale kumi na mmoja majibu yao hayakupatikana, kwa hiyo nimewaondoa.”

Alivua miwani. “Unapima majibu yanachelewa kiasi gani, halafu ambao majibu yao hayakufika kabisa ndio umewaondoa?”

Chumba kilikuwa kimya. Nilitazama jedwali langu kwenye ukuta, safi, halina 99 hata moja. Usiku ule niliwasafisha mwenyewe, kwa amri ya mstari mmoja, na nilijipongeza.

“Walikuwa kina nani?” akauliza.

Sikuwa najua. Kwangu walikuwa namba za siri na kisanduku kisicho na kitu. Siku iliyofuata nilikuwa na zamu ya mchana. Nilifika saa kumi na moja alfajiri, nikatoa kwenye bahasha ile karatasi inayounganisha namba na mafaili, nikaomba ufunguo wa stoo ya kumbukumbu.